Gari inamisi, plagi umeshabadilisha, bado inamisi: tuelewane kwanza kinachotokea mle ndani

Juzi pale Sabasaba, hapa Dodoma, nimesikia mtu anamwambia mwenzake "gari yako inamisi hiyo, katupie plagi mpya", mwenzake akajibu plagi ameweka mwezi uliopita, koili mbili nazo kaweka, na bado gari ikisimama kwenye taa inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Basi kila aliyekuwa pale akatoa dawa yake. Mmoja anasema toa masega (kile kichujio cha moshi kwenye bomba), mwingine anasema ni mafuta ya siku hizi, mwingine kasema ni hewa ya Dodoma, gari ilizoea Dar. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali moja la maana, silinda ya ngapi inamisi? Nimeona niandike hili kwa urefu kidogo maana watu wanapoteza hela nyingi sana hapa, na si kwamba mafundi wote ni wabaya, tatizo ni kwamba tunaenda gereji kununua spea wakati tulitakiwa kwenda kununua majibu.

Kumisi ni nini kwanza. Injini ya gari zetu nyingi, IST, Raum, Noah, Premio, ina silinda nne (Passo na Vitz nyingi za injini ndogo zina tatu). Kila silinda ina pistoni inapanda na kushuka, na kila moja kwa zamu yake petroli inawaka mle ndani, moto unaisukuma pistoni chini, injini inazunguka. Wale mlioona wanawake wanatwanga uwele kwenye kinu kimoja, watatu au wanne, kila mmoja na mchi wake, mtaelewa haraka. Mchi mmoja unashuka mwingine unapanda, tu, tu, tu, tu, hawagongani wala hakuna anayekosa zamu. Sasa mmoja akikosa zamu yake, hata kama wale wengine wanatwanga vizuri kabisa, mlio unavunjika, unasikia pengo. Kumisi ni lile pengo. Silinda imefika zamu yake, petroli haikuwaka, au imewaka nusunusu, na wenzake wanalazimika kubeba mzigo wake. Ndo maana gari inatetemeka, inakosa nguvu, inakula mafuta, na bomba la moshi linatoa mlio wa kukatakata.

Na haya mambo yanaenda haraka kuliko tunavyofikiri. Gari ikiwa silensi, yaani umeiwasha haijatembea, injini inazunguka kama mara 750 kwa dakika, na kila silinda inawaka mara moja kwenye kila mizunguko miwili. Piga hesabu, kila silinda inawaka mara 375 kwa dakika, zote nne ni mara 1,500, sawa na mara 25 kwa sekunde moja. Silinda moja ikifa kabisa hapo umepoteza robo ya kazi. Ikiwa inakosa mara mojamoja tu, unaweza usione kitu zaidi ya mtikisiko mdogo kama mtu kagusa kiti chako.

Ili petroli iwake lazima mafiga yawe matatu, na sote tunajua sufuria haikai kwenye mafiga mawili. La kwanza ni cheche, inatoka kwenye plagi, na plagi inapewa umeme na koili inayochukua volti 12 za betri na kuzipandisha mpaka makumi ya maelfu ya volti. La pili ni petroli, kiasi sahihi, inapulizwa na nozeli. La tatu ni hewa ya kutosha iliyobanwa vizuri, mafundi wanaita kompresheni, na hii inategemea ringi za pistoni, valvu na gasketi ya hedi. Figa moja likikosekana inamisi. Sasa angalia, anayekwambia badilisha plagi amegusa kipande tu cha figa moja. Anaweza kupatia, maana plagi kweli ndo zinachakaa mara nyingi zaidi, lakini akikosea umebaki na mafiga mawili na nusu ambayo hayajaguswa na mtu.

Kabla hatujaenda mbali, si kila mtikisiko ni kumisi. Maunti ya injini, ile mipira inayoishikilia kwenye bodi, ikikatika gari inatetemeka ikisimama huku imewekwa D, ukiweka N inatulia, wakati injini yenyewe inawaka silinda zote nne safi kabisa. Njia rahisi ya kutofautisha, shuka nenda kwenye bomba la moshi, weka kiganja karibu bila kugusa, sikiliza na usikie upepo unavyotoka. Injini nzima inapuliza sawasawa. Inayomisi inapuliza, inakata, inapuliza, unasikia "puf" inayoruka.

Nizungumzie taa ya cheki injini maana hapa ndo watu wanaharibu gari. Taa ikiwaka ikatulia, kuna shida, panga kwenda kuangalia. Taa ikiwa INAPEPESA, inawaka inazima huku gari inatikisika, hiyo ni lugha nyingine kabisa, inakwambia petroli isiyowaka inatoka mbichi kwenda kwenye bomba la moshi. Kule kuna masega. Masega yenyewe yana joto kali tayari, petroli mbichi ikifika inawakia hapohapo, joto linapanda mpaka ile kauri ya ndani inayeyuka na kuziba njia. Wakati huohuo petroli nyingine inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuchanganyika na oili ya injini. Taa ikipepesa punguza mguu, tafuta pa kusimama, usiseme ngoja nifike Gairo.

Na hapa ndo lilikozaliwa lile neno la "toa masega gari ipate nguvu". Gari ilimisi muda mrefu, masega yakaziba, gari ikakosa pumzi, fundi akayatoa, nguvu ikarudi kidogo, mwenye gari akaamini masega ndo yalikuwa ugonjwa. Hapana jamani. Masega yaliuawa na kumisi, na aliyeyaua bado yumo kwenye injini. Halafu mjue yale masega yana madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, ndo maana kuna watu wanazunguka wanayanunua. Fundi akikwambia yatoke, muulize yanabaki na nani.

Sasa twende kwenye kutafuta. Mashine ya kupimia inachomekwa chini ya dashibodi na inatoa kodi, yaani namba ya hitilafu. P0300 maana yake injini inamisi ila haieleweki ni silinda moja, inarukaruka. P0301, 0302, 0303, 0304, ile namba ya mwisho ndo silinda. P0302 ni silinda ya pili, basi. Haisemi koili ya pili, haisemi plagi ya pili, haisemi nozeli. Kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, inajuaje? Kuna sensa inaangalia mzunguko wa kranki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni), silinda ikikosa kuwaka kranki inazubaa kidogo sana, kontrol boksi inaangalia ilikuwa zamu ya nani, inaandika jina. Ni kama yule mama msimamizi wa kinu anayejua nani kakosa mchi, ila hajui kama mkono unamuuma au mchi umevunjika. Nasisitiza hili maana nimeona risiti ya gereji imeandikwa "mashine imesoma koili", wakati kodi iliyoonyeshwa ilikuwa namba ya silinda tu. Omba uione kodi kwa macho yako, ipige picha kwa simu, na usikubali ifutwe kabla. Kutoa waya wa betri nako kunafuta, na taa ikizima kwa njia hiyo hakuna kilichopona.

Ukishajua silinda, kinachofuata hakina gharama, ni kuhamisha. Tuseme kodi ni P0302. Kwenye IST koili ziko nne juu ya injini, kila moja imeshikwa na boliti moja, spana namba 10, ukishazima gari kazi yake ni dakika kumi. Silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda, unahesabu kutoka hapo. Toa koili ya pili peleka ya tatu, ya tatu lete ya pili. Futa kodi, tembeza gari mpaka imisi tena, pima. Kodi ikihamia P0303 ugonjwa umeifuata koili, nunua koili MOJA. Kodi ikibaki P0302 koili ni nzima, iache. Rudia hivyohivyo na plagi. Zote mbili zikiwa safi ndo unakwenda kwenye waya na soketi zake, kisha nozeli, kisha kompresheni. Nozeli nayo inaweza kuhamishwa, ila kuitoa ni kazi kidogo ndo maana inakuja nyuma. Kilichohama na ugonjwa ndicho kibovu, hakuna kubishana wala kumuamini mtu kwa maneno.

Kuna kitu kimoja nawaomba msifanye, kung'oa koili huku injini inanguruma ili "kusikia silinda gani haibadiliki". Ule umeme si wa mchezo, na koili inayopiga cheche bila plagi inaweza kufa hapohapo. Ukitaka kusikia, chomoa soketi ya waya tu, sekunde chache, rudisha.

Na lile jaribio la kuishika plagi nje, kuigusisha kwenye bodi, stati inapigwa, cheche ya bluu inaonekana, fundi anasema "moto si huu hapa, plagi nzima". Linadanganya sana. Nje hewa ni nyepesi, cheche inaruka bila shida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na hewa iliyobanwa ni ngumu kwa cheche kuivuka, inahitaji volti nyingi zaidi. Koili iliyochoka inaweza kucheza vizuri nje na kushindwa ndani, hasa ukiwa unapanda ule mlima wa kwenda chuo kikuu, UDOM, gari imejaa watu na mguu umezama. Ndo maana pia gari nyingine hazimisi silensi ila zinamisi kwenye mlima.

Hiyo ya "lini inamisi" tuikazie kidogo, ni maelezo ya bure ambayo wengi wanakwenda gereji bila kuyabeba. Inamisi silensi, ukikimbia inatulia? Fikiria hewa inayoingia pasipotakiwa, mipira ya hewa hukauka na kupasuka kwa joto la huku kwetu, ufa mdogo kwenye mpira unatosha, na mara nyingi mashine itaongeza kodi ya P0171 inayosema hewa imezidi petroli. Inamisi kwenye mzigo tu? Plagi zilizochakaa pengo likawa kubwa, koili, au pampu ya mafuta imechoka na filta imejaa. Inamisi asubuhi dakika mbili za kwanza, na moshi mweupe, na maji ya rejeta yanapungua bila kuona yanapovujia? Hapo hata plagi usiguse, maji yanaingia kwenye silinda usiku kupitia gasketi ya hedi, na kila siku unayoendelea kutembea unaongeza gharama. Inamisi ikishapata moto tu, ikipoa inapona? Koili au waya, joto linaachanisha kitu. Andika hata kwenye simu, ilianza lini, ilikuwa baridi au moto, mlima au tambarare, umetoka kujaza mafuta au umetoka kuosha injini.

Kuosha injini, ndiyo. Vumbi letu mnalijua, gari ikitoka Kondoa au Mpwapwa vijijini ndani huko inarudi imebadilika rangi, na vijana wa kuosha wakifungua boneti wanapiga maji ya presha kila mahali. Plagi zimekaa kwenye mashimo, maji yakiingia yanabaki mle, umeme unapita kwenye maji badala ya kuruka kwenye plagi. Gari ilikuja nzima inaondoka inamisi. Mara nyingi ukitoa koili, ukapuliza mashimo kwa upepo na kukausha, inapona bila kununua chochote. Shimo hilohilo linaweza kujaa oili pia, gasketi ya tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini) ikichoka, na mtu anaweka koili mpya kwenye dimbwi la oili, baada ya miezi miwili mpira wa koili umelainika na anasema koili za siku hizi feki. Kweli plagi na koili feki zipo madukani, ila angalia kwanza shimo lako lina nini.

Upande wa mafuta, wasiwasi wa watu una historia. Miaka ile uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa ulikuwa umeshamiri mpaka mwaka 2010 EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kuyatambua, kwenye mafuta, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili mchezo usiwe na faida. Leo hii mafuta mabaya yanaweza kutokea, maji yakiingia kwenye tenki kwa mfano, lakini yana alama yake: gari ilikuwa nzima, umejaza, kilomita chache mbele inaanza kukata, na inakata silinda ZOTE, kodi ni P0300. Petroli ya kituo haichagui silinda ya pili ikaziacha tatu. Kama ni silinda moja ileile kila siku kwa miezi mitatu, kituo cha mafuta tukiache, na kama ni kweli mafuta, risiti yako ya EFD ndo ushahidi wako.

Hewa ya Dodoma nayo tuimalize. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016 watu wengi wamekuja na gari zao kutoka Dar, na wengi wanaamini mwinuko ndo unazimisisha. Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 10 hivi. Gari itapoteza nguvu kidogo, hiyo ni kweli. Lakini injini yenye nozeli na kontrol boksi inapima hewa inayoingia na kupunguza petroli ilingane, haimisi kwa sababu ya mwinuko. Gari ya zamani ya kabureta ndo ingehitaji kurekebishwa. Kinachotokea zaidi ni kwamba gari ilikuwa imeshachoka, ikapandishwa kilomita 450 na mizigo ya kuhama, ikafika hapa, ikakutana na vumbi. Badilisha filta ya hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema, na sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake, si kwa petroli na kitambaa.

Kompresheni nimeiacha mwisho maana ndo habari nzito. Fundi anatoa plagi, anaweka geji kwenye shimo, anapiga stati, anasoma kila silinda. Kikubwa ni zilingane. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, anaweka oili kijiko kimoja kwenye shimo lile anapima tena. Namba ikipanda, ringi ndo zinavujisha, oili imeziba kwa muda. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Muombe akufanyie hilo la kijiko ukiwepo, kabla hujakubali neno "tununue injini nyingine".

Shemeji yangu ana IST, anaenda nayo Manyoni karibu kila wiki. Inatoka mjini safi, ikipita Bahi injini ikishapata moto inaanza kutikisika, taa inawaka. Gereji ya kwanza plagi nne. Ikarudi. Gereji ya pili koili nne za mtumba, ikatulia siku tatu, ikarudi. Ya tatu wakamwambia ni nozeli, zote nne, na kama hazitasaidia basi injini. Zaidi ya laki tatu ilikuwa imeshaondoka, na mtu huyu ana watoto wawili shuleni. Tukaenda kwa fundi mmoja mzee Chang'ombe, akapima, P0302. Akahamisha koili, tukazunguka mpaka Nala na kurudi, P0302. Akahamisha plagi, tukazunguka tena, P0302. Hakusema kitu. Akaiacha injini inanguruma, moto, akashika soketi ya koili ya pili kwa vidole viwili akaitikisa taratibu. Injini ikakohoa. Akaacha, ikatulia. Akatikisa, ikakohoa.

Ile soketi kikufuli chake kilikuwa kimevunjika zamani, mtu akakifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alipoukata ule mpira tukaona waya mmoja ganda lake limekauka kama jani la mhindi, limepasuka, na shaba ya ndani imeota ukijani, nyuzi zilizobaki zimeshika labda tatu. Ikiwa baridi zinagusana, injini ikipata moto zinaachana. Akakata, akaunganisha soketi nzima na waya wake kutoka kwenye gari ya kukatwa, akalehemu, akavika mpira unaobana kwa joto. Elfu ishirini na tano na soda.

Baada ya hapo tulikaa pale tukazirudisha zile koili nne za zamani alizoambiwa zimekufa, moja moja, kila moja tukaizungusha kwenye silinda zote. Zote nzima. Shemeji kazifunga kwenye gazeti, ziko kwenye buti mpaka leo.